Msema pweke alishindwa: uhariri unavyomchonga mshiriki wa Survivor

Shangazi yangu hajamsamehe mpiga video wa harusi mpaka leo. Harusi ya binamu yetu ilianza saa nane mchana ikaisha usiku wa manane. Shangazi ndiye aliyesimamia jiko tangu alfajiri, ndiye aliyetoa nasaha zilizowaliza watu, na ndiye aliyezima ugomvi wa viti kabla haujawafikia wageni wa upande wa pili. DVD ilipokuja ilikuwa ya saa moja na nusu, na shangazi yumo mara tatu: mara ya kwanza anakula, mara ya pili anakula, mara ya tatu amemtolea mtu jicho huku ameshika paja la kuku. Jicho lile liliwekwa mara tu baada ya picha ya biharusi akikata keki. "Huyu kijana kanifanya mlafi, tena mwenye husuda," alisema. Kumbe jicho lilikuwa la mtoto aliyekuwa anachezea waya wa spika, karibu saa mbili kabla ya keki.

Hakuna picha ya uongo hata moja kwenye DVD ile. Shangazi alikula kweli, na jicho alilitoa kweli. Kijana alichagua, akapanga, basi.

Kila nikitazama shindano la maisha halisi kwenye televisheni namkumbuka shangazi. Watu hubishana kama vipindi hivi ni vya kweli au vya kuigiza, na ubishi huo hauishi kwa sababu pande zote mbili zina ushahidi. Mimi huuliza jambo jingine: picha hii ya kweli imewekwa jirani na nini, na iliyotupwa ni ipi? Mfano wangu utakuwa Survivor ya Marekani. Ni kipindi cha miaka mingi, misimu yake ni lukuki, na mashabiki wake wana wazimu wa kuhesabu kila sekunde, kwa hiyo kuna cha kushika mkononi.

Kwa asiyekifahamu: kilianza kurushwa na kituo cha televisheni cha CBS tarehe 31 Mei 2000. Watu 16 walipelekwa kisiwa cha Pulau Tiga, Borneo, wakakaa siku 39. Kila baada ya siku chache wanakutana kwenye baraza na kumpigia kura mwenzao mmoja aondoke. Mwishoni wanabaki wawili, au watatu katika misimu ya baadaye, na sehemu ya wale waliotolewa wanarudi kama jopo la kuchagua nani apewe dola milioni moja. Shika jambo moja hapo: mtazamaji wa nyumbani hana kura. Mshindi anapatikana huko huko kisiwani.

Sasa piga hesabu. Siku 39 ni saa 936. Msimu ule wa kwanza ulikuwa na sehemu 13, na ukitoa matangazo unabaki na kama saa kumi za kutazama. Ungeweka kamera moja tu ikawaka mchana na usiku, kila saa moja iliyokufikia ingekuwa imeacha nyuma saa tisini na ushee. Na kamera haikuwa moja. Watu wanaposema "mhariri alikata vitu" wanasema kinyumenyume. Mhariri alitupa karibu kila kitu, akabakiza vitu.

Anajuaje cha kubakiza? Hapa ndipo penye siri yenyewe. Upigaji picha unamalizika wiki au miezi kadhaa kabla ya sehemu ya kwanza kurushwa. Mtu anayekaa kwenye kompyuta kuunganisha siku ya pili ya kisiwani anajua tayari nani alitolewa siku ya tatu, nani alimsaliti nani siku ya ishirini, na nani ameondoka na pesa. Anafanya kile tunachokifanya wote msibani. Mtu akifariki ghafla, waliobaki wanakaa kwenye mkeka na kuzipanga upya siku zake za mwisho: juzi alinipigia simu bila sababu, kumbe alikuwa ananiaga, jana alimwachia jirani funguo, kumbe moyo wake ulijua. Simu ilipigwa kweli na funguo ziliachwa kweli. Ila kama angekuwa hai, nani angeikumbuka simu ile? Mwisho ndio umeipa maana.

Survivor imejaa "kumbe alikuwa anaaga". Mshiriki ambaye hujamsikia wiki tatu, leo ghafla anaoneshwa amekaa ufukweni akisimulia wanawe na jinsi anavyojisikia salama kambini. Mtazamaji mzoefu anacheka: huyu usiku wa leo anaondoka. Kuondoka kwake kunahitaji kuuma, na hakuwezi kumuuma mtazamaji asiyemjua, kwa hiyo anatambulishwa dakika ishirini kabla ya kuzimiwa mwenge, ishara ya kutolewa.

Chombo kikuu cha kazi hii ni yale mahojiano ya mtu mmoja anayezungumza akiitazama kamera, wenzake wakiwa mbali. Mashabiki wa Kiingereza wana neno linalotoka kanisani, nami nitayaita maungamo. Wahenga walisema msema pweke hushinda, na sijaona mahali inapothibitika kama kwenye ungamo. Anayeungama anaeleza ugomvi kwa upande wake, hakuna wa kumkatiza, na picha zinazofuata zinachaguliwa kumuunga mkono. Akisema "fulani ni mvivu", tunaoneshwa fulani amelala. Kwamba fulani alikesha akilinda moto ni habari ambayo ingehitaji ungamo la fulani mwenyewe, na labda leo hakupewa.

Tena, anayeungama hazungumzi peke yake kabisa. Pembeni ya kamera kuna mwandaaji anayeuliza maswali, na washiriki wa vipindi vya aina hii huombwa wajibu kwa sentensi nzima. Ukiulizwa "nani anakuudhi kambini?", hujibu "Yule bwana", unajibu "Anayeniudhi kambini ni yule bwana." Swali likikatwa, jibu linabaki limesimama kwa miguu yake, na wewe unaonekana umeamka asubuhi na sumu yako mwenyewe bila kuulizwa na mtu.

Kuna hila moja zaidi, nayo ninaiita sauti ya viraka. Maneno ya siku mbili tofauti yanashonwa kuwa sentensi moja. Ukitaka kuigundua, usisikilize maneno, angalia mdomo. Sentensi inaanza tukimwona msemaji, katikati picha inahamia kwenye mawimbi au kwenye uso wa mtu mwingine, na sentensi inamalizikia huko tusikoona mdomo. Sikio likiwa zuri utasikia pumzi imekatika au sauti imepanda ngazi ghafla. Si kila picha ya mawimbi inaficha kiraka, lakini kila kiraka kinahitaji pa kujificha.

Muziki, wanyama na nyuso za kusikiliza sitavikalia sana kwa sababu kila mtu anaviona. Ufukwe una kaa na nyoka wakati wote. Nyoka anaoneshwa pale mtu anapopanga usaliti. Uso wa mtu aliyekodoa macho unaweza kuwa umetoka saa yoyote ya siku hiyo. Muulizeni shangazi.

Mfano unaonifanya nirudi kwenye mada hii kila mwaka ni msimu wa Samoa, uliorushwa mwaka 2009. Alikuwemo Russell Hantz, mfanyabiashara wa Texas, mfupi, kipara, mwenye kujiamini kupita kiasi. Siku za mwanzo kabisa alimwaga maji ya kunywa ya kambi yake na kuchoma soksi za mwenzake motoni, ili wenzake wakose raha na yeye awatawale. Alitafuta hirizi za kinga, vile vitu vidogo vinavyofichwa porini ambavyo humwokoa aliyenavyo asitolewe, akazipata bila hata kupewa dokezo. Kundi lake lilifika kwenye muungano, pale makundi ya mwanzo yanapofanywa kundi moja, likiwa na watu wanne dhidi ya wanane wa upande wa pili, na watu watatu wa kundi hilo hilo dogo ndio waliofika fainali. Kwa mtazamaji, huu ulikuwa msimu wa mtu mmoja. Kwa hesabu ya mashabiki Russell alipewa maungamo 108. Natalie White, binti mpole wa Arkansas aliyekaa naye fainali, alipewa 15. Kila Natalie alipofungua mdomo mara moja, Russell alikuwa ameshafungua mara saba.

Kisha kura zikasomwa. Natalie saba, Russell mbili, wa tatu wao sifuri.

Mashabiki walipandwa na hasira. Jopo lina chuki, walisema. Binti amebebwa mgongoni mpaka mwisho. Kwa kile walichokuwa wameoneshwa walikuwa na haki ya kushangaa. Lakini wale tisa wa jopo hawakuwa wametazama kipindi. Walikuwa wameishi na Russell. Wao hawakusikia ungamo hata moja kati ya yale 108. Hawakujua jinsi alivyokuwa akieleza mipango yake kwa ufasaha na kwa vichekesho mbele ya kamera. Waliomjua ni mtu aliyewadanganya usoni na kuwatisha. Na Natalie, aliyekaa na wanawake wa kundi la pili akawashawishi wamgeukie mwenzao Erik kwenye kura ya kwanza ya muungano, kura iliyoibomoa ngome ya wanane, wao walimkumbuka kwa vikao ambavyo sisi tuliviona kwa dakika chache tu.

Unaweza kusema jopo moja limekosea. Bahati nzuri jaribio lilirudiwa. Msimu uliofuata, uliowakutanisha mashujaa na wabaya wa misimu ya nyuma, ulipigwa picha Samoa hapo hapo, muda mfupi baada ya ule alioshinda Natalie na kabla ule haujarushwa. Russell alirudishwa, na wenzake wapya walikuwa hawajaona hata sekunde moja ya sifa zake. Akafika fainali tena, na tena akazungumza sana kwenye kamera. Kura: Sandra Diaz-Twine sita, Parvati Shallow tatu, Russell sifuri.

Jumlisha. Watu 18 waliomjua Russell bila uhariri walimpa kura mbili. Misimu yote miwili kulikuwa na zawadi ya pembeni ya dola 100,000 kwa mchezaji bora anayechaguliwa na watazamaji, na misimu yote miwili zawadi hiyo alichukua Russell. Mtu yule yule, siku zile zile. Walioishi naye walimkataa, sisi tuliomwona kupitia mikono ya wahariri tukampa pesa mara mbili. Sijui kama kuna kipimo kizuri kuliko hicho cha nguvu ya uhariri. Msema pweke alishinda sebuleni kwetu, akashindwa mahali ambapo hakusema pweke.

Mimi siwalaumu sana wahariri wa Samoa. Russell alikuwa na maneno, na televisheni hula maneno. Ninachowalaumu ni kwamba walikuwa na hadithi nyingine mkononi, ya mwanamke anayeshinda kwa kuwasikiliza watu wenye hasira, wakaona haichangamshi. Matokeo yake ni kwamba mshindi wao wenyewe anaonekana mpaka leo kama aliyeokota pochi barabarani.

Mashabiki nao hawakukaa kimya. Baadhi yao walifikiri hivi: kama mhariri anajua mwisho, basi mwisho umo ndani ya kazi yake, na anayesoma kwa makini anaweza kuubashiri. Ukazaliwa utaratibu unaoitwa Edgic, jina lililounganishwa kutoka maneno ya Kiingereza ya uhariri na mantiki. Kila wiki kila mshiriki anapewa alama. Kwanza aina ya sura aliyopewa: haonekani kabisa, yuko pembezoni, yuko katikati, ana kina, au amepitiliza mpaka amekuwa kikaragosi. Pili mguso wake, yaani ameoneshwa kwa wema, kwa ubaya au kwa mchanganyiko. Tatu kiasi anachoonekana, kuanzia moja hadi tano. Zikipangwa kwenye jedwali wiki baada ya wiki, linatokea ramani la rangi, na wataalamu wake hubishana juu yake kama wazee juu ya mwandamo wa mwezi.

Jambo wanalolitafuta zaidi ni sababu. Mwenye kina haoneshwi tu akifanya jambo. Tunaelezwa kwa nini analifanya, na baadaye tunaoneshwa kwamba alikuwa sahihi. Mtu akisema wiki ya kwanza "mimi nitakaa kimya mpaka wakubwa wagombane", na wiki ya sita wakubwa wakagombana, kuna mtu aliyeamua kuitunza sentensi ile ya wiki ya kwanza. Kati ya maelfu ya sentensi, kwa nini hiyo? Aliyepitiliza, hata awe anaonekana kila dakika, huwa haelezwi. Yeye ni radi; radi haiulizwi sababu.

Waandaaji wanajua wanasomwa, na walijua tangu mwanzo. Mwaka 2000 watu walichimbua picha zilizofichika kwenye tovuti ya CBS ambapo washiriki wote walikuwa wamewekewa alama ya kukatwa isipokuwa Gervase Peterson. Habari ikaenea kwamba mshindi ni Gervase. Hakuwa yeye, alishinda Richard Hatch kwa kura nne kwa tatu. Tangu hapo huu ni mchezo wa paka na panya. Ukisoma jedwali unavunja fumbo, mhariri akijua unalisoma anakuwekea mtego, nawe unaanza kuisoma mitego. Ndiyo maana Edgic hubahatika misimu mingine na kuaibika mingine. Mwaka 2019 alishinda Chris Underwood, mtu aliyekuwa wa tatu kutolewa, akaishi siku 28 pembeni na wenzake waliotolewa, na kurudi mchezoni siku za mwishoni kabisa. Hakuna jedwali lililokuwa na mahali pa kumweka, na nadhani hata wahariri walipata tabu.

Tumezungumzia wanaoonekana. Kwangu mimi hukumu nzito zaidi ya uhariri ni ukimya, na mfano wake unatoka msimu wa Nicaragua wa mwaka 2010. Siku ya 28 washiriki wawili walijiuzulu kwa pamoja, NaOnka Mixon na Kelly Shinn. Kitendo kile kile, siku ile ile, mvua ile ile. NaOnka alikuwa ameoneshwa karibu kila wiki akigombana na watu, kwa hiyo kuondoka kwake kukawa mwisho wa hadithi. Kelly, ambaye wenzake walimpa jina la rangi ya zambarau kwa sababu ya nywele zake na kumtofautisha na Kelly mwingine, alikuwa amefutwa kiasi kwamba watazamaji wengi waligundua yupo siku anaaga. Hakusemwa vibaya, hakusemwa kabisa. Mpaka leo mshiriki aliyefichwa namna hiyo huitwa kwa Kiingereza aliyepewa uhariri wa zambarau. Mtu anakaa njaa na mvua siku 28, anabaki kuwa jina la rangi.

Kuna ukimya wa mtu mmoja, na kuna picha inayojirudia kwa watu wa aina moja. Ramona Gray, mwanamke Mweusi wa msimu wa kwanza, aliugua siku za mwanzo akakosa nguvu za kufanya kazi. Kwenye televisheni alitokea mvivu, na miaka 20 baadaye alikuwa bado anaeleza kwamba hilo si yeye. Mwaka 2020 washiriki Weusi wa zamani walijikusanya wakaipelekea CBS malalamiko yao, mojawapo likiwa jinsi wanavyochongwa kwa sura zile zile mbili tatu: mvivu, mkali, mwenye kelele. Novemba mwaka huo CBS ikatangaza kwamba angalau nusu ya washiriki wa vipindi vyake vya aina hii watakuwa watu wa jamii zisizo za Kizungu. Uamuzi huo ulihusu nani anaingia kisiwani, na una mantiki hata kwa upande wa uhariri. Ukiwa na Mweusi mmoja kati ya watu 16, kila anachofanya kinasomwa kama tabia ya wote. Wakiwa watano, mmoja anaweza kuwa mvivu na akawa mvivu wake mwenyewe.

Afrika Mashariki tuna uzoefu wetu, ila nahofia tunauchanganya na huu. Big Brother Africa, shindano la watu wanaofungiwa nyumba moja, iliyoanza mwaka 2003 kwa washiriki kutoka nchi 12, ilikuwa na chaneli inayorusha saa 24. Wenye king'amuzi waliweza kukaa na Mtanzania Mwisho Mwampamba nyumbani mchana kutwa, halafu usiku wakatazama kipindi kilichofupishwa na kusema "mbona pale wamekata?" Jirani yetu mmoja alikuwa anafanya hivyo hasa, hakuwa na kazi msimu ule, na alikuwa mhakiki bora wa uhariri niliyewahi kumsikia. Survivor haikupi nafasi hiyo. Hakuna chaneli ya pembeni ya kulinganishia.

Tofauti kubwa zaidi ni kura. Richard Bezuidenhout mwaka 2007 na Idris Sultan mwaka 2014, Watanzania wote wawili, walishinda Big Brother Africa kwa kura za watazamaji. Kwenye Tusker Project Fame, shindano la waimbaji, simu za watazamaji nazo zilisaidia kuamua nani anabaki chuoni. Katika mashindano hayo uhariri unakuja kabla ya matokeo, kwa hiyo unaweza kuyatengeneza: mshiriki aliyeoneshwa akilia kwa kumkumbuka mama yake leo, kesho anapigiwa kura. Kwenye Survivor uhariri unakuja baada ya matokeo na kazi yake ni kuyahalalisha. Mtu anayelalamika kwamba mhariri wa Survivor "alimpendelea" fulani anapaswa kujiuliza: alimpendelea kwa lipi, kama hundi ilishaamuliwa mwenye nayo kabla mhariri hajawasha kompyuta?

Marekani, kuna sababu ya kisheria ya mkono kuwa mwepesi kwenye uhariri na mzito kwenye matokeo. Miaka ya 1950 iligundulika kuwa baadhi ya mashindano ya maswali kwenye televisheni yalikuwa yamepangwa, washiriki wakipewa majibu mapema. Mwaka 1960 Bunge la nchi hiyo likafanya kosa la jinai kuchakachua mashindano ya ujuzi au bahati yanayorushwa kwa umma. Kusimulia shindano kwa namna unayotaka ni jambo lingine. Mei 2001 mwandaaji mkuu Mark Burnett alikiri hadharani kwamba baadhi ya picha za mbali za mashindano zilirudiwa kwa kutumia watu wa kuigiza nafasi za washiriki, ili kamera zisionekane, akasisitiza kwamba hakuna matokeo yaliyobadilika. Kwa wengi hiyo ilikuwa kashfa. Nadhani walikasirikia kitu kidogo. Kuogelea kwa mtu mwingine badala yangu hakunibadilishi nilivyo. Kunishonea sentensi ambayo sikuisema kwa mpangilio ule kunanibadilisha, na mikataba ya vipindi hivi humfanya mshiriki akubali mapema kuoneshwa hata kwa namna itakayomuaibisha.

Miezi michache baada ya kukiri huko, Survivor ilikuja kwetu. Msimu wa tatu ulipigwa picha mwaka 2001 katika hifadhi ya Shaba, kaskazini mwa Kenya. Makundi mawili yalipewa majina ya Boran na Samburu, na yalipoungana yakajiita Moto Maji. Maji moto tunayajua. Moto maji bado nautafuta. Mshindi alikuwa Ethan Zohn, mchezaji wa mpira wa miguu, kura tano kwa mbili dhidi ya Kim Johnson, na ukiurudia msimu ule leo kwa jicho la Edgic utaona jinsi wema wake ulivyopandwa mapema na kumwagiliwa taratibu.

Ila mimi nikiurudia siangalii Ethan. Naangalia Shaba yenyewe, maana pale palihaririwa kuliko mtu yeyote. Boma la miiba, moto wa kukesha, ngurumo ya simba gizani, jua, vumbi, tembo, jua tena. Wamarekani 16 wanaitwa Wasamburu na Waborana wiki kadhaa, na Wasamburu wenyewe wanapita kwa dakika chache kama wageni kwenye harusi ya watu. Ungedhani ni mwisho wa dunia. Kando ya mto Ewaso Ng'iro, ndani ya hifadhi hiyo hiyo, kuna hoteli ya watalii yenye bwawa la kuogelea na meza za chakula zilizoandaliwa. Ilikuwepo siku zote 39. Haikupata hata ungamo moja.